Taya Chini ya Koti la Baba

Uskoti,
Jumatatu

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shuleni Chepseon walitufundisha kuanza barua kwa salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Mimi na wewe bahari hatukuijua, kwa hivyo nakusalimu kwa hesabu ya majani ya chai yanayochipuka mvua ikishanyesha wiki mbili mfululizo. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Unameza dawa ya presha kila asubuhi, ama unangoja mpaka kichwa kigonge ndipo uikumbuke? Na yule ng'ombe mweusi, ameacha kupiga teke akikamwa? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku imenipasua midomo, na chai yao bado hainiingii. Wanachovya kifuko cha karatasi kwenye maji moto, wanakitoa kabla hakijasema neno, basi, wanakunywa. Nikiwaeleza kwamba kwetu majani yanachemka pamoja na maziwa mpaka yainuke na kutishia kuzima moto, wananitazama kama mtu anayejisifu.

Utashangaa nimekuandikia kwa Kiswahili na si kwa lugha yetu. Nina sababu. Nataka Mama Chepkirui awe ameketi karibu nawe wakati unasomewa, asikie kila neno bila kutafsiriwa. Nyakundi, ndugu yangu, ukishaichapisha barua hii pale saiba kwenye kompyuta, usianze kusoma kabla jirani hajafika. Nenda umwite wewe mwenyewe. Mama, tafadhali kaa chini, na usikae kwenye kile kigoda kifupi kitakachokuumiza goti.

Najua unangoja neno moja tu kutoka kwangu. Unalingoja tangu Ijumaa iliyopita uliponipigia simu. Wacha kwanza nirudie mambo kama nilivyoyaelewa, ili kama kuna mahali nimekosea mnirekebishe.

Nyakundi alikuwa anachimba shimo la kuhifadhia chakula cha ng'ombe kule chini, nyasi za nepia zinapoishia na bonde linapoanza. Jembe likagonga mfupa. Akafikiri ni ng'ombe wa zamani, akaendelea, mpaka akaona kichwa cha mtu. Ukaja ukipiga mbio na goti lako hilo. Ulikipokea kichwa na taya lake kwa leso yako, ukakipandisha nyumbani, ukakilaza juu ya benchi sebuleni, na ukakifunika kwa koti la Baba, lile la kahawia ambalo halijawahi kutoka kwenye msumari tangu nikiwa mtoto.

Sihitaji kuuliza kwa nini. Ni mteremko uleule. Mwaka ule wa vurugu, watu wa kutoka Kisii kama sisi walipokuwa wakifukuzwa, Baba alishuka pale asubuhi kuwapandisha ng'ombe kabla mambo hayajaharibika, na ng'ombe wakarudi peke yao. Mimi nilikuwa darasa la kwanza, Nyakundi alikuwa mgongoni mwako. Uliita "Baba Kemunto!" mpaka sauti ikakauka. Mama Chepkirui ndiye aliyekuja akatushika mikono, akatuingiza katika ghala lake la mahindi, kisha akaketi mlangoni akipukuchua mahindi kama siku yoyote nyingine. Vijana walipomuuliza ndani kuna nini, aliwajibu kwa lugha yao kwamba kuna mahindi na panya. Kila nikisikia mahindi yakipukuchuliwa, hata huku kwenye filamu, mwili wangu unakumbuka.

Ijumaa ukaniambia, "Kemunto, nimepata babako."

Nikakuuliza umejuaje.

"Ni meno," ukasema. "Hii meno imeisha yote, imekuwa flati kama ya mzee. Baba yako sasa angekuwa karibu miaka sabini. Hesabu mwenyewe."

Ukaendelea, "Si ni wewe ndio unajua mambo ya meno? Nyakundi atakutumia picha. Angalia tu, uniambie ni yeye, tuzike Ijumaa ijayo. Pasta ameshakubali."

"Na chifu anasemaje?"

"Chifu anataka tungoje watu wa serikali. Mimi nimengoja tangu ukiwa darasa la kwanza, Kemunto. Nitangoja serikali tena?"

Nikakuomba unipe muda niangalie vizuri. Ukasema sawa, lakini nilisikia katika sauti yako kwamba ulishamaliza, na kwangu ulikuwa unataka mhuri tu.

Shangazi, dada yake Baba, bado anawaambia watu wa kanisa kwamba mimi ni daktari wa meno Ulaya. Sijamkatalia, maana ukimkatalia shangazi umejitafutia kesi. Lakini wewe nilikueleza. Watu wa huku walikuwa wanapanua barabara wakakuta makaburi ya kanisa la zamani sana, majeneza yameoza, majina hayapo. Mifupa ikaletwa chuoni, na sisi wachache tunaisafisha kwa brashi laini, tunaipanga mezani mtu mmoja mmoja, tunajaribu kujua kila mmoja alikufa akiwa na umri gani. Mtoto si vigumu, kwa sababu meno yake yanaota kwa mpango: gego la kwanza kama miaka sita, la pili kama kumi na mbili, la mwisho akiwa kijana wa kuoa. Mtu mzima ndiye anayesumbua. Meno yakishaota yote, kazi iliyobaki ni kulika. Gego la kijana lina vilima vidogo juu yake. Vilima hivyo husagika, ile ngozi nyeupe ngumu ikatoboka, na ndani ukaona madoa ya kahawia. Madoa yakiendelea kukua yanaungana, na mwishowe gego linabaki bapa, limebonyea katikati kama jiwe la kusagia wimbi. Na kwa kuwa gego la kwanza lilianza kazi miaka sita mbele ya la pili, tukiyalinganisha tunajua kinywa hicho kilikuwa kinajimaliza haraka ama polepole.

Lakini usidhani meno ni kitambulisho. Mwaka jana nilimwangalia mama mmoja wa makaburi yale, magego yote yamelala, nikaandika kwamba alikuwa amepita hamsini. Profesa wetu, mama mkimya anayevaa buti za mpira hata ndani ya nyumba, hakubishana nami. Aliniwekea mkononi ule mfupa mwembamba wa chini ya shingo, akaniambia niitazame ncha yake. Ncha haikuwa imekomaa na kushikana. Yule hakuwa mama wa hamsini, Mama. Alikuwa msichana, huenda hata ishirini na tano hajafika. Watu wake walisaga nafaka kwa mawe, na vumbi la mawe likaingia kwenye uji na mkate, siku baada ya siku, likayasaga meno yao pamoja na chakula. Siku hiyo nilirudi chumbani nikamlilia mtu ambaye hata jina lake silijui. Nilijiona mjinga, lakini nililia.

Nakueleza haya ili ujue nilivyomtafuta Baba. Picha za Nyakundi zilifika Jumamosi mchana, nikiwa nimeenda kazini kumaliza sanduku moja lililobaki. Alikuwa ameweka kiberiti kando ya taya ili nijue ukubwa wake, kama nilivyowahi kumwonyesha siku nilipokuja likizo. Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa meno. Kilikuwa kifungo cha koti la Baba, pembeni mwa picha, kile kimoja ulichokishona kwa uzi mweupe kwa sababu wa kahawia uliisha. Ilibidi nigeuze simu kifudifudi mezani kwanza, nikatembea mpaka dirishani.

Niliporudi niliyaangalia meno. Ulikuwa umesema kweli, yamelika yote, magego yamebonyea, hata lile la mwisho. Moyo wangu ukasema: kama msichana wa huku alikuwa na meno ya bibi kizee, kwa nini Baba asiwe nayo? Labda tuliwahi kula unga wenye mchanga. Labda alikuwa anasaga meno usingizini. Nilimtafutia kila mlango aingie katika lile taya. Nikakumbuka unga wetu: ulitoka mashine ya Chepseon, mweupe, laini, na yeye ndiye aliyekuwa akiubeba begani. Nikakumbuka mkate wa Jumapili na chai. Baba hakuna mchanga aliokula isipokuwa ule wa mboga ulizokuwa ukizisahau kuziosha mara ya pili, nawe ukisemwa unanuna. Mtu wa miaka thelathini na kitu, kwa chakula kile, hawezi kufikisha magego yake hapo. Profesa alinikuta nimeinama, akaitazama picha bila kuuliza, halafu akaniambia kwamba nikitaka ataiangalia yeye badala yangu. Nikamwambia hapana, hii ni ya kwetu.

Kisha nikaangalia mbele, chini. Mama, meno mawili ya katikati ya taya la chini hayapo. Hayakuanguka kaburini, maana jino likianguka kaburini huacha shimo lake wazi. Hapa mfupa umejifunga, umelainika kabisa, na meno ya jirani yamesogea kidogo kuziba nafasi. Mtu huyu aling'olewa akiwa mdogo, akaishi nalo pengo hilo miaka mingi.

Sasa mkumbuke Baba. Ulipokuwa ukishona vitambaa vya makochi, nani alikuwa anakukatia uzi? Ulikuwa unamsogezea kitambaa mdomoni bila hata kumtazama, naye anaukata kwa meno ya mbele, tik, na kuendelea na maneno yake. Alikuwa nayo yote ya chini. Kilichomkatika ni jino la juu, upande wa kushoto, siku ya harambee ya kanisa alipofungua soda kwa meno ili watoto wacheke. Tulicheka, wewe ukakasirika.

Jumapili mchana simu ikalia tena. Nilidhani ni wewe, kumbe ni Mama Chepkirui. Ameniruhusu niyaandike haya, na ndiyo sababu nimetaka awepo.

"Kemunto," akasema, "mama yako hajui nakupigia."

"Kuna nini, Mama?"

"Nimeona hiyo mtu yenu. Nimeona hiyo pengo ya chini." Nikasikia kuku wake. "Kogo wangu, nyanya aliyezaa mama, alikuwa nayo. Babu pia. Zamani walikuwa wanatoa hiyo mbili wakiwa watoto. Huyo ni mtu yetu, Kemunto. Ni mzee wa zamani, hata mimi sijui ni wa nani."

Nikamuuliza kama amekwambia.

"Nitamwambia aje? Nilimkuta anamwimbia. Amempaka mafuta, amemfunika na koti. Mimi nilimwona huyo mama akitafuta bwana yake na mtoto mgongoni. Sasa nimnyang'anye hata hii? Kama anataka kuzika, azike. Mzee wetu hawezi kukasirika kupewa leso."

Mama, nilimuuliza kama ataniruhusu niseme mimi. Akasema, "Sema wewe, wewe ni damu yake. Lakini sema nikiwa hapo, asiwe peke yake."

Basi yupo hapo. Mshike mkono. Si yeye, Mama. Huyo aliye chini ya koti si Baba.

Nimeacha kuandika nikatembea chumbani, nikarudi. Nataka ujue kwamba niliwaza kukuambia ndiyo. Niliwaza sana. Nani angenibishia? Pasta yuko tayari, shangazi angesafiri kutoka Kisii na kilio chake kile cha kuangusha mabati, na wewe ungepata mahali pa kupanda maua. Ungelala usingizi. Mimi niko mbali, siwezi kukukanda goti wala kukuchemshia chai, na neno moja tu lingekupa kitu ambacho pesa ninazotuma hazijawahi kukupa. Lakini tukimzika mzee huyu kwa jina la Baba, tumemwibia mzee watu wake, na waliotuficha ghalani ni hao watu wake. Tena kuna jambo linalonitisha zaidi. Siku moja jembe la mtu mwingine linaweza kugonga mfupa huko bondeni, na wakiuliza ni nani, watu watasema, aa, si wa hapa, mume wa yule mama alishapatikana, alishazikwa. Watamtupa kando ya shimo. Hilo siwezi kulitia sahihi.

Na sasa kuna neno gumu kuliko hilo, nalo ni lile la miaka sabini.

Uliniambia nihesabu. Nimehesabu, Mama. Hesabu yako ni sawa kwa mtu anayeishi. Nimekuwa nikikutazama ukiifanya hesabu hiyo tangu utotoni. Kila Krismasi ulimwongezea Baba mwaka. Ulimnunulia miwani ya kusomea kwa mchuuzi pale Chepseon, ukaijaribu kwanza usoni mwako, ukasema macho yake kwa sasa yatakuwa yamechoka kama yako. Tukichoma mahindi ulikuwa unaweka mawili ya kuchemsha kando, "Baba yenu na meno yake ya siku hizi hawezi hii ya kuchoma," na Nyakundi anauliza kama tumnunulie na fimbo, tunacheka wote watatu. Sikuwahi kuona ubaya. Nilikua na baba anayezeeka nyumbani kama baba za wengine, isipokuwa hakuonekana. Ulitupa baba kwa njia hiyo, na nakushukuru, hata nikiandika hivi naona maandishi yanacheza kwa machozi.

Ndiyo maana ulipoona meno ya mzee, moyo wako ulimtambua. Ulimwona mtu wa umri wako, mtu wa kuvaa ile miwani. Lakini meno ya aliyekufa hayaliki tena. Yanasimama palepale alipokula chakula chake cha mwisho, na Baba chakula chake cha mwisho kilikuwa chai na kiazi kitamu ulichompa mkononi akielekea bondeni. Huko aliko ana meno ya asubuhi ile. Vilima vyake bado vimesimama, ya chini yapo yote, na lile la juu kushoto limekatika kidogo. Mimi juzi daktari wa huku ameniambia meno yangu yameanza kulika kwa kuyasaga usingizini. Nina miaka arobaini, Mama. Meno yangu ni makuukuu kuliko ya baba yangu.

Nimeandika neno "aliyekufa". Ni mara yangu ya kwanza kuliandika nikimtaja yeye, na sijui kama umelisikia likisomwa ama Nyakundi amelimeza. Nyakundi, lirudie.

Kuhusu mzee aliye sebuleni, nakuomba ulirudishe koti kwenye msumari wake. Usimwoshe tena wala kumpaka mafuta. Nyakundi aende kwa chifu amwambie kwamba mtu aliyepatikana ni wa zamani, na shimo lisiendelee kuchimbwa mpaka wenye kujua wafike. Mimi kwa picha siwezi kusema aliishi lini, wala umri wake hasa. Naweza kusema tu kwamba alitafuna sana, na kama watu wake walisaga wimbi kwa mawe, huenda hakuwa mzee kama anavyoonekana. Mama Chepkirui, wewe nakuomba uwaite wazee wenu. Wao ndio watakaojua anastahili kulazwa vipi. Wakikubali, leso ya Mama ibaki naye. Kwa siku chache amekuwa na mtu wa kumlilia kwa uchungu wa kweli, na sidhani kuna mwingine aliyemlilia hivi karibuni.

Nisalimie shangazi, na mumwambie kwa upole asipande gari bado. Msalimie mke wa Nyakundi, ambaye najua ndiye aliyekuwa akiwapikia wageni wote hao bila mtu kumwambia asante, mimi namwambia. Msalimie pasta, nina hakika ataelewa, na asipoelewa mkumbusheni kwamba hata Musa kaburi lake halikujulikana. Msalimie Chepkirui mwenyewe, rafiki yangu wa ghalani, mwambieni picha ya mtoto wake nimeibandika juu ya meza yangu ya kazi.

Mama, limebaki jambo moja. Nyakundi ameniambia kwamba vijana wa kanisa wameshachimba kaburi kando ya nyumba, liko wazi, na kwetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Nakumbuka nikiwa darasa la tano wazee wa ukoo wa Baba walikuja kutoka Kisii, wakakaa sebuleni wakakuambia kwamba asiyeonekana huzikiwa shina la mgomba badala ya mwili wake, ili watu walie na wanyamaze. Uliwapa chai, ukawasindikiza mpaka barabarani, ukawaambia, "Mume wangu si mgomba." Niliona fahari kuwa mtoto wako. Sasa sikuamrishi, mimi ni mtoto tu, na niko mbali. Wewe ndiye mkewe na neno ni lako. Lakini ukiamua kwamba Ijumaa watu waje, nitaomba ruhusa kazini nikae na simu mkononi, nilie pamoja nanyi.

Ila mkienda kuukata, msikate ule mgomba mzee wa karibu na choo, uliokwisha kuzaa ukainama. Kateni ule wa nyuma ya jikoni, wenye mkungu mchanga, ndizi zake hata kidole hazijafika. Baba alikuwa hivyo.

Ni mimi binti yako, niliye mkubwa kuliko baba yangu,

Kemunto